Sifuri Yako Ni Moja

Kibugu, Jumamosi, saa tisa alasiri

Wawira wangu,

Mimi ni mzima, na wewe najua u mzima kwa sababu nakusikia hapo nje ukicheka na shangazi zako wanaomenya viazi. Basi mambo ya kujuliana hali tumeyamaliza.

Habari za sweta sitazigusa. Baba yako ameshakupa hotuba ya sweta, ya pasipoti, na ya maofisa wa uwanja wa ndege ambao hajawahi kukutana nao lakini anawajua mmoja mmoja. Mimi nimejifungia chumbani nikidai kichwa kinaniuma, na hakuna aliyeshuku. Mama ambaye mtoto wake anakwenda Uholanzi kesho ana haki ya kuumwa kichwa.

Naandika kwa mkono, na utashangaa, kwa sababu unajua nilivyo na kiburi cha vidole vyangu. Miaka thelathini nimepiga chapa barua za watu bila kutazama mashine. Lakini hii nimeona iwe ya kalamu. Kwa mashine, mkono wangu unajua kudanganya. Utaelewa ukifika mbele.

Unakumbuka jioni ile ulipotufanyia mazoezi ya hotuba yako ya kuombea ufadhili? Uliunganisha kompyuta na televisheni, baba yako akavaa koti la kanisani, mimi nikakaa na sufuria ya maharagwe ya njahi miguuni nikichambua. Ukatuambia kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuwachunguza wasomi wenyewe. Wanakusanya makala za majarida, maelfu kwa maelfu, wanahesabu nani ameandika, na nani, jina la nani limetangulia na la nani limekuja mwisho, nani amenukuliwa mara ngapi. Kwa hesabu hiyo mtu anapandishwa cheo au anaachwa pale pale. Baba yako akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Kwa hivyo nyinyi mnawafanyia utafiti watafiti?"

"Eeh, Dad."

"Na nyinyi mtafanyiwa na nani?"

Ukacheka, ukasema hilo ni swali zuri, utaliweka. Halafu ukatuonyesha shida ya majina yetu. Kwa kuwa huku kwetu jina la babu linarudi kwa mjukuu, na la mjukuu litarudi tena, Embu nzima imejaa akina A. Njeru. Kompyuta ikamchukua A. Njeru wa ng'ombe, na A. Njeru wa udongo, na A. Njeru aliyeandika kuhusu nyimbo za makanisani, ikawafanya mtu mmoja mwenye bidii ya kutisha. Baba yako, ambaye naye ni Njeru, alifurahi sana. Alisema huyo ni yeye.

Halafu ukaja kwenye kile chako. Ulisema umepitia kila makala iliyowahi kutoka katika kituo cha utafiti wa mimea hapo mjini, kituo nilichofanyia kazi mpaka nikastaafu. Makala za mtama, za mawele, za ndengu, za kunde. Zote zimetoka kwenye mashamba ya watu, kwa mikono na akili za watu. Ukabonyeza, likatokea duara kubwa jeupe kwenye skrini.

"Sifuri," ukasema. "Katika hizo zote, hakuna mkulima hata mmoja aliyewekwa kama mwandishi. Not even one. Wasomi na wahariri wao hawakuwahi hata kufikiria."

Baba yako alipiga makofi. Mimi niliinuka nikasema njahi zinahitaji maji, nikaenda jikoni, nikasimama kule nimeshika beseni tupu. Wewe ulidhani nimechoshwa na Kiingereza. Ukaja ukaniuliza, "Mum, ilikuwa boring?" Nikasema hapana, mama, ilikuwa nzuri sana.

Ilikuwa nzuri. Lakini sifuri ile si sifuri, Wawira. Ni moja. Na aliyeifanya sifuri si msomi wala mhariri. Ni mimi.

Sasa umekaa vizuri? Kama uko kwenye ndege, umebahatika, huwezi kunipigia simu kabla ya kumaliza kusoma.

Nianze na zile herufi. Ulipokuwa na miaka saba au minane ulikuwa ukija ofisini wakati wa likizo, ukikaa chini ya meza yangu na kuchorachora kwenye karatasi zilizoharibika. Siku moja ulinionyesha sehemu ya chini ya barua, pale kushoto, ukaniuliza ni siri gani imeandikwa hapo. Ilikuwa PKM/agn. Nikakueleza kwamba hiyo ni desturi ya ofisi: herufi kubwa ni za mwenye barua, aliyesema maneno, na herufi ndogo baada ya mkwaju ni za aliyeipiga chapa. "Kwa hivyo hii ndogo ni wewe?" Nikasema ni mimi, Agnes Gicuku Njeru. Ukaniuliza kwa nini mimi ni mdogo. Nilikupa biskuti.

Miaka thelathini nilikuwa herufi tatu ndogo baada ya mkwaju. Sisemi ilikuwa mbaya. Ilijenga nyumba hii na kukusomesha. Lakini nisikufiche kwamba iliniuma, na maumivu ambayo mtu hayasemi hutafuta njia yake ya kutokea.

Kabla ya hayo yote, wewe hujazaliwa, mimi nimeolewa juzi tu, kituo kilikuwa na shamba la majaribio kule Kiritiri, penye joto na mawe, ambako mvua ikija haikai. Aliyelisimamia tulimwita Daktari tu, kwa kuwa alikuwa mmoja. Kila msimu alipanda kunde za aina zake kumi na ngapi, na kila msimu mvua ilikata kabla hazijakomaa, zikakauka na maua yake. Miongoni mwa akina mama waliopalilia pale kwa kibarua alikuwa mmoja anaitwa Wambeti. Hakujua kusoma. Siku moja alimwambia Daktari mbele ya watu wote kwamba anapanda vizuri sana mimea ya nchi nyingine. Akampeleka kwake kumwonyesha nthoroko zake, yaani kunde, na hizo zilikuwa zimeshavunwa wakati za Daktari ndiyo kwanza zinatoa maua.

Siri yake ilikuwa uzi. Kila msimu, maganda ya kwanza kabisa kuanza kukauka aliyafunga uzi mwekundu aliouchomoa kwenye sweta kuukuu ya shule ya mtoto wake, ili mtu yeyote asiyachume kwa ajili ya chungu. Hayo ndiyo yalikuwa mbegu yake. Msimu kwa msimu, miaka kwa miaka, mpaka akawa na kunde inayowahi mvua badala ya kuisubiri. Hakuna aliyemfundisha. Alianza tu, akiwa mama kijana, kwa sababu alichoka kulala njaa mwezi mmoja kabla ya mavuno.

Daktari alipima, akahesabu, akaandika makala. Aliniletea kwa mkono, kurasa ishirini na mbili. Nilizipiga chapa mara nne, kwa sababu kila mara alibadilisha majedwali, na jedwali kwenye mashine ile ya zamani lilikuwa adhabu: ukikosea namba moja chini kabisa, unaanza upya juu. Mara ya nne alibadilisha ukurasa wa kwanza. Chini ya jina lake na la mwenzake wa chuo kikuu aliongeza la tatu: Wambeti Ngari, Kiritiri. Pembeni akaniandikia kwa penseli, "Agnes, usishangae. Mimi nimepima tu. Aliyechagua ni yeye."

Nilishangaa. Kisha nikakasirika.

Nikuambie ukweli wa hasira ile, maana nimeichungulia mara nyingi. Mimi nilikuwa nimeipiga makala ile mara nne. Nilikuwa nimesahihisha Kiingereza cha Daktari mahali pengi, naye akakubali bila kusema asante. Niliijua kuliko yule mwenzake wa chuo kikuu ambaye hata Kiritiri hakuwahi kufika. Na jina langu halikuwepo popote, hata kwenye shukrani, pale ambapo wanamshukuru dereva. Na sasa huyu, ambaye akija ofisini kuchukua kibarua chake anaweka alama ya kidole gumba, awe mwandishi? Mimi nilijua herufi zote, naye hakujua hata moja. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mwanangu. Sikumwonea wivu Daktari. Mtu hamwonei wivu aliye mbali juu. Nilimwonea yule aliyekuwa karibu nami na ameitwa kabla yangu.

Nilipofika kwenye jina la tatu, vidole vyangu viliruka. Nimejiambia hivyo miaka mingi, kwamba ni vidole. Vidole havina akili yao. Niliruka mimi.

Nilitarajia ataona, anipigie kelele, nirudie. Hakuona. Alikagua majedwali yote namba kwa namba, lakini ukurasa wa majina alipitisha macho tu. Makala ikatumwa. Ilipochapishwa na jarida likaja, ndipo alipoona, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Agnes, jina la Wambeti limekwenda wapi?"

Hapo ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Nikasema, "Labda ni wahariri, Daktari. Unajua walivyo."

Na aliamini, Wawira, kwa sababu wahariri kweli walikuwa hivyo. Uongo mzuri hujificha nyuma ya jambo ambalo watu wameshaliamini. Akasimama pale pale akanitamkia barua ya kulalamika, nami nikaipiga chapa: kwamba mwandishi wa tatu ameachwa, kwamba ni kosa kubwa, kwamba wachapishe sahihisho katika toleo linalofuata. Chini nikaweka herufi zake na zangu, PKM/agn. Akatia sahihi. Na kazi ya kupeleka barua posta ilikuwa yangu.

Sikuipeleka.

Daktari alingoja jibu msimu mzima. Kimya kile akakichukua kuwa ndilo jibu lenyewe. Baadaye akahamishwa, na miaka imepita tangu Mungu alipomwita. Alikufa akiwalaumu watu ambao barua haikuwahi kuwafikia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na ina pensheni.

Nilisahau. Hapana, huo nao ni uongo, ona jinsi unavyokuja kwa urahisi. Sikusahau. Niliiweka ile barua na ule ukurasa wa majina, wa mkono wa Daktari, ndani ya bati la majani ya chai, nikalihamisha bati kila tulipohama. Mtu aliyesahau hahamishi bati. Kanisani nilikuwa natubu kwa jumla, pale tunaposema wote pamoja tusamehewe makosa yetu, nikalifunika kosa langu katikati ya makosa ya wengine. Nilijiambia Wambeti hajui, na asichokijua hakimuumi. Jina kwenye jarida lingemfaa nini mtu asiyesoma?

Nilikuwa sijui lolote.

Baada ya hotuba yako nilikaa na hilo duara jeupe machoni wiki nyingi. Ukapata ufadhili, kanisa zima likashangilia, mchungaji akasema mtoto wetu anakwenda kuwatetea wakulima kwa wazungu. Na kila mtu aliponishika mkono nilihisi ninapokea sifa ya kitu nilichokivunja mwenyewe. Ndiyo maana mwezi uliopita, siku ile wewe na baba yako mlipokwenda kuchukua viza, nikawaambia mimi nina ziara ya akina mama wa kanisa, hapakuwa na ziara. Nilikwenda Kiritiri na lile bati kwenye mkoba.

Sikujua kama yuko hai. Dukani nikauliza kwa Wambeti, yaani Mama Ireri.

"Aaa, Profesa!" mwenye duka akasema, akicheka. "Shuka hivi, pita posho mill, ukiona mbuzi weusi watupu, hapo ni kwa Profesa."

Moyo wangu ulitulia, Wawira. Nilijiambia, ona, watu wenyewe wanamheshimu, wamempa cheo bila karatasi. Nikatembea nikiwa na furaha kidogo, mjinga mimi.

Alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua nthoroko kwenye ungo. Amekuwa mdogo, macho yamefifia, lakini nilipomsalimia tu alinijua kwa sauti.

"Wewe ni yule wa ofisi," akasema. "Ulikuwa ukinipa chai kwenye kikombe cha plastiki. Wenzako wa ofisini ukawapa vile vyeupe vya wageni."

Hilo mimi sikulikumbuka hata kidogo. Nimelikumbuka tangu siku hiyo.

Nilimwambia yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo Daktari aliliandika?"

"Aliliandika, Mama. Nimelileta."

Nikampa ule ukurasa. Hakuweza kuusoma, lakini aliupapasa pale nilipomwekea kidole, kwenye jina lake, muda mrefu.

"Unajua kwa nini naitwa Profesa?" akasema. "Daktari aliniambia jina langu litakuwa kwenye kitabu. Nikamwambia mume wangu. Nikawaambia wa soko, wa kanisa, kila mtu. Kitabu kikaja. Mwalimu akasoma majina mbele ya watu: la kwanza, la pili, akafunga. Wakanicheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo naitwa Profesa."

Akaendelea kupukuchua.

"Mume wangu aliniuliza mara moja tu, kama kweli Daktari alisema vile. Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Amekufa hajaniamini."

Nililia. Naye akaniangalia nikilia kama mtu anayengoja mvua ipite aendelee na kazi. Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nilijua sikudanganya. Waambie wao." Akachukua fimbo yake, akasimama. Ilikuwa siku ya soko.

Wawira, nimehutubia mikutano ya kanisa, nimesoma risala mbele ya wakubwa. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya wale akina mama wanaouza nafaka. Alinisimamisha katikati ya magunia, akagonga fimbo. "Huyu ana habari yangu. Soma." Nikaanza kusoma kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, akanikatiza. "Kizungu nilishasomewa, nikakosekana. Soma kwa mdomo wa watu." Basi nikasema kwa Kiembu changu cha huku juu, nao wakanielewa vizuri mno. Nikasema Daktari aliliandika jina. Nikasema nililitoa mimi. Nikasema habari ya barua na posta.

Mwuza ndengu mmoja akauliza, "Kwa hivyo Profesa hakudanganya?"

"Hakudanganya."

"Na wewe ulikuwa na shida gani?"

Nilitafuta neno zuri, nikalikosa. "Wivu," nikasema.

Basi wakaangua kicheko, Wawira, kicheko cha watu wanaolijua jambo hilo vizuri. Mmoja akasema afadhali nimesema, yeye angesema ni shetani. Na mwingine, mzee kidogo, aliinuka akaenda akamshika Wambeti mikono yote miwili. Halafu ndipo nikaona kitu ambacho hakimo kwenye takwimu zako. Kulikuwa na gunia la kunde ndogo nyekundu, na mwenye gunia akaniambia bila kuulizwa, "Hizi ni nthoroko cia Wambeti. Hapa hazina jina lingine." Miaka yote hiyo walimcheka kwa kitabu, na wakaziita mbegu kwa jina lake. Sijui jinsi watu wanavyoweza kufanya yote mawili, lakini wanaweza.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza kama amenisamehe. Alisema bado anaangalia. Akasema nirudi msimu wa kuvuna, nitakunywa chai, na kikombe atachagua yeye. Akanipa kunde kiganja kimoja. "Kwenu ni baridi, ni majani ya chai tu. Zitakufa. Lakini panda." Nimepanda nyuma ya choo, palipo na jua. Zimeota saba.

Sasa ndiyo naogopa mambo mawili, nayataja ili yasije yakanipanda kichwani. Naogopa nimeharibu kazi yako, kwa sababu umepewa ufadhili kwa ajili ya sifuri, na sifuri ilikuwa imekaa vizuri sana pale kwenye skrini. Na naogopa kesho kutwa, ukishasoma hii, utaniona mdogo kuliko zile herufi. La pili ndilo kubwa. Ningeweza kukaa kimya, ungekwenda ukashinda. Nimekaa na uwezekano huo mezani kwangu wiki nyingi, nikijua namna ya kutopeleka barua.

Lakini wewe nimekuita mama tangu siku ulipozaliwa, kwa kuwa ulilichukua jina la mama yangu. Nilipokushika mara ya kwanza baba yako alisema, "Wawira amerudi," na mimi nikalia kwa furaha kwa sababu mama yangu hakufutika. Hiyo ndiyo kazi ya jina kwetu. Nilijua hivyo, na bado nililiruka la mwenzangu. Sitaki ubebe la mama yangu mpaka Uholanzi huku la Wambeti nimelikalia hapa.

Kuhusu utafiti sina la kukufundisha. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nina jambo moja tu la mtu aliyekaa upande wa pili wa karatasi. Majina unayoyahesabu yamepita mikononi mwa watu kabla ya kukufikia. Kuna aliyeyasema, kuna aliyeyaandika, kuna aliyeyapiga, kuna aliyepeleka bahasha au hakupeleka. Ukikuta kimya, usiamue haraka ni cha nani. Mimi nimeona kimya kikisingiziwa watu wengine, na kilikuwa kwenye bati langu.

Na sidhani nimekuharibia. Nimewaza hivi, unisahihishe: sifuri ni rahisi kuikasirikia, lakini huwezi kwenda kuketi kwake ukanywa naye chai. Moja ana nyumba, ana mbuzi weusi, ana simu ya mwanawe Ireri ambayo nimekuandikia nyuma ya ukurasa huu. Anataka kuongea nawe. Anasema ana mambo mengine ya kunde ambayo Daktari hakuwahi kumuuliza. Na pengine kuna wengine, kwenye mabati ya wanawake wengine waliostaafu. Watafute tungali hai.

Kwenye bahasha utakuta ukurasa wa mkono wenye penseli ya Daktari, na barua yake kwa wahariri, yenye sahihi. Peleka. Najua imechelewa. Peleka hivyo hivyo. Mbegu sikukuwekea, watu wa baba yako wa uwanja wa ndege wangekusumbua. Nimekuwekea uzi mwekundu kipande kimoja, Wambeti alinikatia.

Baba yako hajui. Nitamwambia kesho tukishakuaga, njiani, akiwa amelegea kwa kulia.

Na utakapoandika, uandike moja. Wakikuuliza nani aliliondoa lile jina, usiandike "mpiga chapa mmoja" kwa kunionea huruma. Mpiga chapa mmoja ni sifuri nyingine. Andika Agnes Gicuku Njeru, wa Kibugu, mama yangu.

Wananiita, mbuzi ameiva na wewe unauliza kama kichwa kimepoa. Kimepoa, mama. Nakuja.

Chini hapa nimeweka zile alama, mazoea ni kitu kibaya. Safari hii herufi kubwa ni zangu, na ndogo pia ni zangu.

AGN/agn